Majaji hatukuwachagua. Wapate wapi ubavu wa kufuta sheria ya Bunge?

Mleta mada: Wakuu, swali hilo limezuka kwenye kijiwe chetu cha kahawa Kariakoo na mpaka vikombe vinakusanywa hakuna aliyekubali yaishe. Hoja ya wengi: majaji watatu wasiopigiwa kura na mtu hawawezi kutengua walichopitisha wabunge zaidi ya 300.

Mimi naona wanaweza, na wanapaswa. Tena shida ya kwetu ni kinyume chake: mahakama ikiguswa na swali la nani aingie madarakani, inaufyata. Kumbukeni Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba ili kumziba mdomo. Mtikila akarudi mahakamani, na 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena haki. Juni 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi, majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakaipindua: jambo hili ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Bunge lipi? Wabunge wote wa majimbo wameingia mle kwa tiketi ya chama. Utamwombaje mtu aondoe kizuizi kinachomlinda yeye?

Wa Temeke: Mkuu, unachanganya mambo. Sheria ya kawaida ikigongana na Katiba ni batili, Ibara ya 64(5) inasema hivyo, na kazi ya mahakama ni kutamka. Hapo sina ugomvi. Lakini 2010 kilichopingwa kilikuwa kimeshaingia kwenye Katiba yenyewe. Jaji ataipima Katiba kwa rula gani? Leo unashangilia mgombea binafsi. Kesho jopo lingine litasema ukomo wa urais wa vipindi viwili unamnyima mtu haki yake ya kugombea. Msidhani natunga. Bolivia wananchi walikataa kwenye kura ya maoni ya Februari 2016 kumwongezea Evo Morales muhula, na Novemba 2017 mahakama yao ya katiba ikamruhusu kwa hoja hiyohiyo ya haki za binadamu.

Mleta mada: Mfano mzuri, ila malizia. Majaji wale wa Bolivia walichaguliwa kwa kura za wananchi, 2011! Kwa hiyo kura ya wananchi haikuwafanya wawasikilize wananchi. Mimi uhalali wa jaji nauona kwenye sababu anazoandika na kuweka jina lake chini yake. Mbunge akipiga "ndiyooo" hadaiwi sababu na mtu.

Mama wa Mbagala: Nyie kaka zangu mnaongelea nguvu za mahakama kama vile hukumu inatembea yenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana mpaka 18. Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu, na Julai 2016 vifungu vya 13 na 17 vikaonekana vinapingana na Katiba, Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa. Rufaa ikatupwa Oktoba 2019. Hesabuni: binti aliyekuwa na miaka 14 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa na 17 rufaa ilipoisha. Kesi ilishinda mara mbili, yeye hakupata kitu. Mahakama haina polisi wala fungu la bajeti, na kule Bungeni walioshindwa hawana haraka.

Wa Ubungo: Na bado hamjagusa uteuzi. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Majaji wa Mahakama Kuu ni Rais pia, akishauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji Augustino Ramadhani, aliyeongoza lile jopo la 2010, baada ya kustaafu alichukua fomu kuomba CCM imsimamishe kugombea urais 2015. Sisemi alipindisha hukumu, sina ushahidi huo. Lakini mwananchi wa kawaida anaangalia na kujumlisha mwenyewe. Wakenya wanawahoji wanaoomba ujaji mkuu hadharani, kila mtu anaona kwenye runinga, na Jaji Mkuu lazima athibitishwe na Bunge. Mahakama yao ya Juu ndiyo ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Kwetu Ibara ya 41(7) imefunga mlango kabisa: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama inayoweza kuhoji.

Mleta mada: Na mlango wa Arusha nao? Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kuzuia mgombea binafsi kunavunja haki. Novemba 2019 Serikali ikajitoa kwenye tamko linaloruhusu raia kupeleka kesi pale moja kwa moja. Wa Temeke, nakuuliza bila utani: Mtikila angeenda wapi?

Wa Temeke: Kwenye Katiba mpya, mkuu. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ilimruhusu mgombea binafsi. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Dai hiyo kura. Majaji saba usiwape kazi ya watu milioni sitini.