Kwa nini asili (namba ya chini ya sehemu) hubadilika katika uwezekano wenye sharti?

Muulizaji
Habari zenu. Naomba kueleweshwa jambo moja. Dadu mbili zimerushwa, nasi tunaambiwa kwamba ya kwanza imeonyesha namba shufwa (tukio B). Tutafute uwezekano kwamba jumla ni 8. Jozi zinazotimiza yote mawili ni (2,6), (4,4) na (6,2), na matokeo yote ni 36, lakini kitabu kinatoa 1/6 badala ya 3/36. Kanuni ya kugawanya kwa P(B), yaani uwezekano wa B, naijua kwa kukariri. Ninachokitafuta ni sababu yake.

Jibu la 1
Ndugu, 3/36 ni jibu sahihi la swali lingine: uwezekano wa matukio yote mawili kutokea pamoja, kabla hujaambiwa lolote. Ukishaambiwa kwamba dadu ya kwanza ni shufwa, jozi kama (3,5) na (5,3) zinaondoka ingawa jumla yake ni 8, na kati ya zile 36 zinabaki 18 tu, ambazo kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Kwa hiyo unahesabu 3 kati ya 18. Kugawanya kwa P(B) hufanya kazi hiyo hiyo: 3/36 ÷ 18/36, zile 36 zinafutana, inabaki 3/18. Binafsi ningeorodhesha jozi kwanza, kanuni ije baadaye.

Muulizaji
Ahsante, nimeelewa. Je, nikiligeuza swali, yaani nikaambiwa jumla ni 8 na kuulizwa kama dadu ya kwanza ni shufwa, jibu ni lile lile?

Jibu la 2
Hapana, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Jumla ya 8 ina jozi 5, na 3 kati yake huanza na shufwa, basi ni 3/5. Kwenye dadu kosa hili halimdhuru mtu, lakini katika vipimo vya ugonjwa ni jambo zito. Tuseme kuna watu 1,000, wagonjwa wakiwa 10, na kipimo kinawabaini 9 kati ya hao 10, ila kinawapa jibu chanya kimakosa 99 kati ya wazima 990. Uwezekano wa mgonjwa kupata jibu chanya ni asilimia 90, ilhali uwezekano wa mwenye jibu chanya kuwa mgonjwa kweli ni 9/108, yaani takriban asilimia 8. Kanuni ya Thomas Bayes, mwanahisabati ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 akiwa amekwisha kufariki, ndiyo inayounganisha pande hizo mbili.

Jibu la 3
Nyongeza ndogo: badala ya 8 weka 7. Bila sharti unapata 6/36, na kwa sharti lile lile unapata 3/18. Zote ni 1/6, kwa kuwa kila namba ya dadu ya kwanza ina namba moja tu ya kufikisha 7 kwenye dadu ya pili. Matukio ya namna hiyo huitwa matukio huru.