Nimshukuru vipi jirani aliyekataa kurudishiwa gharama?

SWALI

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo sisi watoto watatu wa mama mmoja tumeshindwa kuafikiana. Mwezi uliopita mama yetu, anayeishi peke yake Morogoro, alizidiwa usiku wa manane. Jirani yake, baba mmoja mtu mzima ambaye hatuna undugu naye wowote, alimpakia kwenye gari lake akamfikisha hospitali ya serikali, akalipia kadi na vipimo kutoka mfukoni mwake, kisha akakaa kwenye benchi la nje ya wodi mpaka asubuhi dada yangu alipofika kutoka Dar es Salaam. Mama anaendelea vizuri, Alhamdulillah. Tulipomwomba jirani huyo atutajie gharama alizotumia, alikataa, na tulipomwomba tena alisema kwamba mama ni jirani yake na jambo hilo limekwisha.

Kaka yangu anataka tumtumie fedha kwa simu hata kama hazitaki, kwa hoja kwamba gari haliendi bila mafuta. Dada anasema aliyekwisha kukataa asisumbuliwe, tumwombee dua tu. Mimi sijaridhika na rai yoyote kati ya hizo mbili. Tena yupo muuguzi wa zamu aliyemhudumia mama usiku ule kwa upole ambao mama hachoki kuusimulia, na yeye pia tungependa kumshukuru. Tufanyeje?

JIBU LA KWANZA (Tanga)

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Fedha msitume kwa simu. Ujumbe wa muamala ukiingia kwenye simu ya mzee yule bila mtu yeyote kufika nyumbani kwake, utakuwa umemfanya dereva wa teksi aliyecheleweshewa nauli, na yeye alipokataa alikuwa anakataa hasa kugeuzwa hivyo. Aliyekuja kwenu kwa miguu yake hushukuriwa kwa miguu. Nendeni ninyi wenyewe, mkiongozana na mama ikiwa ana nguvu za kutembea, pamoja na mtu mzima mmoja wa ukoo, mjomba au mama mkubwa, kwa sababu mtu mzima akisema "tumekuja kushukuru", maneno hayo huwa ni ya ukoo mzima.

Msiende mikono mitupu, lakini pia msibebe mzigo wa kumtisha. Mchele, sukari na majani ya chai vinatosha, navyo vipelekwe moja kwa moja jikoni na mmoja wenu bila kutangazwa, visipangwe mbele ya mwenyeji kana kwamba anahesabiwa. Mkewe mchukulieni doti ya khanga, na kabla ya kulipa ikunjueni msome jina lake, kwa sababu khanga nyingi zina maneno ya mafumbo na vijembe, na zawadi nzuri inaweza kufika nyumbani kwa watu ikiwa imebeba matusi. Huyo mama msimsahau kabisa. Yeye naye aliamshwa usiku ule, akabaki peke yake bila kujua mumewe atarudi saa ngapi na na habari gani, wala sijaona katika maelezo yako mahali ambapo mmemtaja.

Mkishakaa na kusalimiana, semeni kwa kinaga kile alichokifanya: kwamba alitoka kitandani, kwamba alilipia vipimo bila kuulizwa, kwamba alikesha kwenye benchi mpaka mtoto wa mgonjwa alipofika. "Asante kwa yote" ni maneno ambayo mtu angeweza kumwambia yeyote. Mkimtajia jambo moja moja atajua kwamba mliliona na kwamba mama aliwasimulia, na hapo mtakuwa mmemrudishia heshima yake, ambayo ndiyo haki yake.

JIBU LA PILI (Unguja)

Ninaunga mkono aliyotangulia kusema, ila ningependa kuongeza neno kuhusu rai ya dada yako. Dua ni jambo kubwa, lakini katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) aliyefanyiwa wema anatakiwa kwanza aulipe wema huo, na asipopata cha kulipia ndipo amwombee aliyemtendea mpaka ahisi kwamba amemlipa. Ninyi mnacho. Hadithi nyingine inasema kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Ndugu zetu Wakristo nao wanayo habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, ambao wote walitakaswa, lakini aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Msamaria, mgeni.

Watu hupenda kusema "tenda wema nenda zako". Usemi huo anaambiwa mtendaji, ili asikae akingojea malipo. Aliyetendewa hana ruhusa ya kujificha nyuma yake.

JIBU LA TATU (Mbeya)

Mimi ningemtetea kaka yako kidogo, kwa sababu hamjatuambia gari lile ni la kazi gani. Ikiwa ni la matumizi ya nyumbani, basi aliyoyasema mzee wa Tanga yanatosha. Lakini ikiwa mzee yule analiendesha kwa biashara na gari lenyewe ni la tajiri, siku aliyokesha hospitali huenda ndiyo siku ambayo hakufikisha hesabu, na upungufu huo aliufidia kwa fedha ya chakula cha watoto wake. Hapo kunyamaza kwa kisingizio cha kulinda heshima kungekuwa kumwonea mtu mwema. Tieni fedha kwenye bahasha, na yule mtu mzima mliyekwenda naye ndiye ampe mkewe wakati wa kuagana, bila kutaja kiasi wala kusema kwamba ni gharama. Asipoipokea, msishindane naye mlangoni.

Jambo jingine ni kwamba shukrani haiishi siku ya kwenda na kikapu. Baba huyo naye atakuwa na shughuli zake, harusi ya mtoto au msiba, na siku hiyo ataangalia nani amekuja. Mchango wenu ufike mapema, na mmoja wenu, hata kama ni huyo anayeishi Dar es Salaam, aonekane pale amekaa na watu. Sisi huku mtu aliyekufaa usiku hatumtofautishi tena na ndugu, na ndugu hawalipani, huitikiana.

JIBU LA NNE

Ninafanya kazi ya uuguzi, kwa hiyo nitajibu sehemu ya mwisho. Tafadhali msimpe muuguzi yule fedha, hata kwa nia safi kabisa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye kitu kinachotolewa kabla ya huduma. Inagusa pia kitu kinachotolewa kuwa zawadi kwa ajili ya huduma iliyokwisha kutolewa, nayo inamhusu mtoaji kama inavyomhusu mpokeaji. Mtamtia matatani mtu mliyetaka kumfurahisha.

Mwandikieni barua ya pongezi mganga mfawidhi wa hospitali hiyo, mkitaja wodi, tarehe, zamu na mambo aliyoyafanya. Barua za malalamiko sisi tunaziona kila mara. Ya pongezi ikifika husomwa mbele ya wenzake, na ikiwekwa kwenye jalada lake humfaa katika utumishi wake kuliko noti yoyote.

MUULIZAJI

Ninawashukuru sana wakubwa zangu. Gari ni la kwake mwenyewe, la nyumbani, na ni kweli kwamba mkewe hatukuwa tumemfikiria. Tutakwenda pamoja na mama mkubwa. Ninauliza jambo moja tu: barua ya hospitali iandikwe kwa jina la nani?

JIBU LA NNE

Kwa jina la mama, kwa sababu ndiye aliyehudumiwa. Ikiwa mkono wake bado hauna nguvu, yeye asimulie, mmoja wenu aandike vilevile anavyosema bila kumrekebisha, kisha atie sahihi au dole gumba. Fanyeni nakala moja mkampe muuguzi mkononi.