Nimepata PPL (leseni ya rubani binafsi), kuna haja ya kujiunga na klabu ya marubani?

kijana_wa_anga
Wadau habari zenu. Nilipata leseni yangu ya PPL mwezi wa tano pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ikanichukua masaa 58 ya kuruka. Najua sheria inataka 40 tu lakini mimi pesa ilikuwa inakatika katikati, nikirudi nakuta nimesahau nusu. Tangu hapo nimeruka mara mbili tu. Kukodi Cessna 172, ile ndege ndogo, peke yangu siwezi kila mwezi na naona mikono imeanza kusahau. Rafiki anasema nijiunge na klabu, sasa Aero Club of East Africa iko tangu 1927, nikipita naona watu wazima wamekaa na chai wanajuana toka zamani, na mimi kwetu Umoja hakuna mtu amewahi hata kupanda ndege. Nitapata nini huko kweli?

upepo_wa_ngong
Jiunge ndugu yangu, na nitakwambia kwa nini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka Magadi kurudi Wilson, saa nane mchana, jua kali, abiria wawili. Milima ya Ngong iko mbele, kilele ni kama futi 8,000, nikaiendea moja kwa moja nikijua nitazidi kupanda nikikaribia. Kumbe upepo wa mashariki ukishavuka ule mgongo unateremka upande wa bonde, yaani pua iko juu, injini nimefungua yote, na geji inaonyesha nashuka futi 400 kwa dakika!! Nikageuza nikarudi bondeni nikazunguka nikipanda taratibu mpaka nikawa juu ya mlima na akiba ya kutosha. Jioni nikasimulia klabuni nikiwa bado natetemeka. Hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja akachukua kijiko na sahani akanionyesha, panda mapema ukiwa bado mbali, na mlima uuendee kwa upande, usiuendee uso kwa uso, ndio ukianza kushushwa ugeuke kidogo tu uko huru. Instrakta alikuwa amenifundisha hayo, lakini siku hiyo ndiyo yaliingia.

dada_cherokee
Mimi nitakuambia na upande mwingine. Klabu niliyoanzia, si hapo Wilson na jina sitaji, miezi mitatu mizima nikiingia naulizwa nimekuja kumtafuta nani, na siku moja mtu akaniagiza nimletee kahawa. Iliniuma na bado inaniuma, hasa ukikumbuka Wilson yenyewe ina jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways 1929. Kilichonisaidia ni kufika Jumamosi asubuhi wakati watu wanaosha ndege, ukishika kitambaa mnaongea na mtu anakujua kwa kazi yako. Hapo ndipo nilipata mwenzangu wa kugawana gharama, yeye anarusha kwenda Nanyuki mimi narudisha, kila mtu anaandika kwenye logibuku, daftari la masaa ya kuruka, yale masaa yake tu. Na kumbuka ukitaka kubeba abiria lazima uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, peke yako utachoka kulipia hizo.

fundi_wa_hanga
Mi ni fundi si rubani lakini klabuni nipo. Kijana akija mapema namuonyesha kukagua mafuta vizuri, maana wengi wanafanya haraka haraka. Mvua ikinyesha usiku toa mafuta kidogo chini ya kila tangi kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, inua kikombe kwenye mwanga. Avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, ni bluu hafifu, maji yanakaa chini kama ushanga. Sasa hatari yenyewe iko hapa, kikombe kikijaa maji matupu hutaona mstari wowote kati ya maji na mafuta, utadhani ni safi. Angalia rangi, nusa. Kama haina bluu usiwashe hiyo injini, niite.

kijana_wa_anga
Asanteni sana, hiyo ya kikombe kujaa maji sikuwahi kuifikiria hata siku moja, mimi nilikuwa natafuta mstari tu. @dada_cherokee pole kwa hayo. Hapo Wilson Jumamosi wanaanza kuosha ndege saa ngapi? Na nije na kitambaa changu?

dada_cherokee
Saa moja na nusu, kabla jua halijakausha sabuni. Kitambaa njoo nacho, kiwe laini kisikwaruze kioo cha mbele. Uliza ndege ya bluu na nyeupe, nitakuwepo.