Karo ya uhandisi: Minnesota kwa bei ya mwenyeji, au Purdue?

Mama wa Brooklyn Park

Hamjambo nyote. Naomba ushauri, na naomba uje haraka maana tarehe 1 Mei si mbali na vyuo vyote viwili vinataka jibu pamoja na pesa ya kushikilia nafasi.

Kijana wetu amekubaliwa kusomea uhandisi University of Minnesota hapa Minneapolis, na pia Purdue kule Indiana. Anataka uhandisi wa mitambo. Moyo wake uko Purdue. Barua yao ameibandika kwenye mlango wa chumba chake. Ile ya Minnesota iko jikoni, imewekelewa chupa ya mafuta. Purdue hawakumpa ufadhili wa maana. Huku Minnesota kuna ile North Star Promise ya kusoma bila karo, lakini tumeikosa. Mwaka 2024 baba yake aliendesha lori karibu kila wikendi, nami nikapiga dabo kwenye makao ya wazee, tukafika dola 83,000 na kitu. Mpaka wao ni 80,000. Yaani tumeadhibiwa kwa kufanya kazi.

Mengine mawili. Dada yake yuko mwaka wa pili chuoni: je, kuwa na watoto wawili chuoni kunatupunguzia mzigo? Na ile ploti yetu ya Kisii, na nyumba iliyofika kwenye lenta, zinaandikwa kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo, ama hayo ni mambo ya nyumbani?

Mzee wa Indianapolis

Hongera sana mama! Purdue si chuo cha kuachwa. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisoma pale pale. Mimi niko mwendo wa saa moja kutoka West Lafayette, mji kilipo chuo. Kijana aje, aandikishe anwani yangu, abadilishe leseni ya udereva iwe ya Indiana, na baada ya mwaka atalipa kama mwenyeji wa jimbo. Mwenyeji analipa 9,992 kwa mwaka na bei hiyo haijapanda tangu 2013. Wikendi atakula ugali hapa kwangu. Msiogope hesabu.

Mhasibu wa Saint Paul

Mzee, shikamoo. Ugali tunaupokea, leseni tunairudisha. Mwanafunzi anayetegemea wazazi hufuata makazi ya wazazi wake, na aliyehamia jimbo kwa ajili ya masomo hageuki mwenyeji hata akikaa miaka minne na kupiga kura huko. Ataingia kama mgeni na atahitimu kama mgeni.

Bei ya mgeni Purdue ni 28,794 kwa masomo peke yake. Ni kweli wameishikilia kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa hilo wanastahili sifa. Michigan mgeni analipa zaidi ya 55,000. Lakini ongeza bweni, chakula, vitabu na nauli za sikukuu, unavuka 40,000 kwa mwaka. Miaka minne ni 160,000 na zaidi.

Sasa dada, tuulizane hela hiyo inatoka wapi, kwa sababu watu wetu wengi wanabishana kuhusu jina la chuo na hapo hawafiki. Mkopo wa serikali kwa jina la mwanafunzi ni 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumla 27,000. Kinachofuata ni Parent PLUS, mkopo wa mzazi. Huo ni wako wewe, si wake, na utakufuata mpaka uzeeni. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 umewekewa kikomo: 20,000 kwa mwaka, na 65,000 kwa mtoto mmoja hadi anamaliza. Piga hesabu. Miaka mitatu ya 20,000 inakula 60,000. Unafika mwaka wa nne, mtoto anakaribia kabisa kumaliza, umebakiwa na 5,000.

Ukikusanya mikopo yote, yake na yenu, unapata 92,000. Pengo hadi 160,000 ni 68,000. Hiyo ni zaidi ya 1,400 kutoka mfukoni mwenu kila mwezi, kwa miezi 48 mfululizo, na hapo hakuna msiba, hakuna gari lililoharibika, hakuna ada ya mtoto wa ndugu yako kule nyumbani. Tena mkopo wenyewe si wa huruma. Parent PLUS ya mwaka wa masomo 2025–26 ina riba ya asilimia 8.94, na kabla fedha haijafika chuoni wanakata zaidi ya asilimia 4. Dola 65,000 kwa riba hiyo, ukilipa kwa miaka kumi, ni zaidi ya 800 kwa mwezi. Atakayekwambia pengo litazibwa na mkopo wa benki, muulize atakayeweka saini ya dhamana ni nani.

Minnesota nako si bwerere. Masomo na ada ni kama 18,000 kwa mwaka, na mwaka 2025 walipandisha masomo kwa asilimia 6.5 kwa wenyeji. Hata hivyo, akilala nyumbani, miaka minne ni sabini na kitu elfu, bila hata senti ya North Star.

Na North Star hamjaikosa moja kwa moja. Mmekosa mwaka mmoja. FAFSA ya 2026–27 inaangalia kodi ya 2024. Ya mwaka unaofuata itaangalia 2025, na inaendelea hivyo. Wanachotazama ni mapato baada ya marekebisho, mstari wa 11 wa Fomu 1040 ya kodi, si jumla ya jasho lenu. Je, ritani ya kodi ya 2025 mmeshawasilisha? Kama bado, na mmepita 80,000 kwa kiasi kidogo, kila mmoja wenu anaweza kuweka hadi 7,000 kwenye IRA ya kawaida, akaunti ya akiba ya uzeeni (8,000 kwa mwenye miaka 50 na zaidi) kabla ya tarehe 15 Aprili 2026, ikahesabiwa kwa mwaka 2025 na kuushusha ule mstari. Kwa mwaka huu wa 2026, uliza kazini kuhusu akiba ya kustaafu, 403(b) au 401(k), inayokatwa kabla ya kodi. Mnabaki na hela yenu, na mtoto anasoma. Kuhusu kuadhibiwa kwa kufanya kazi, niko upande wako. Mwenye 79,000 anasoma bure, mwenye 81,000 hapati hata senti ya North Star: walipaswa kuweka ngazi, wao wakajenga ukuta.

Watoto wawili chuoni: zamani ilisaidia, lakini tangu 2024–25 fomu haigawanyi tena. Ploti: inaandikwa. Ardhi au nyumba ambayo si makazi yenu ni mali, iwe Kisii iwe Kansas. Andika thamani ya leo ukitoa deni. Haiumi kama inavyovumishwa, kwani katika kila dola mia ya mali ya mzazi haizidi sita inayoingia kwenye hesabu. Kuficha ndiko kunakouma, hasa kwa mtu ambaye faili lake la uraia bado liko mezani kwa wenyewe.

Nesi wa Brooklyn Center

La bima hamjaligusa. Kama kijana yuko kwenye Medicaid ya hapa, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ajue haivuki mpaka wa jimbo isipokuwa kwa dharura. Akiwa Indiana mtanunua bima nyingine au atawekewa ya chuo. Ongezeni hiyo kwenye hesabu ya Mhasibu.

Binti wa Madison

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekulia Minnesota na nasoma Wisconsin, Madison. Nalipa karibu sawa na ambavyo ningelipa Minneapolis, kwa sababu majimbo haya mawili yana makubaliano. Kuna makubaliano pia na North Dakota na South Dakota. Hayaji yenyewe lakini, unaomba kwa Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota. North Star haikufuati huko, Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, inakufuata. Kwa mdogo wangu huyu muda umepita, naandika kwa wenye watoto wa darasa la kumi na moja.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Mhasibu ameandika kulala nyumbani kana kwamba gharama yake ni sifuri. Si sifuri. Kaka yangu alisomea nyumbani. Usiku wa kuamkia mtihani wa kalkulasi sebule ilijaa watu wa msiba, akaenda kusomea ndani ya gari kwenye maegesho ya maktaba, daftari juu ya usukani, injini inawaka kwa sababu nje kulikuwa na baridi ya Januari na maktaba ilishafungwa. Wa kumpeleka mama kazini alfajiri, ni yeye. Wa kumtafsiria bibi kwa daktari, ni yeye. Mgeni akishuka uwanja wa ndege, ni yeye. Hakuna aliyemnyanyasa, alikuwa tu mtoto aliyeko nyumbani, na mtoto aliyeko nyumbani anatumwa. Jamani, mtoto wa kiume anayesoma uhandisi kwa basi, na zamu za nyumbani juu yake, anaweza kuongeza mwaka mzima. Mwaka mmoja zaidi nao una bei.

Na je, kuna aliyemuuliza mwenyewe anafuata nini Purdue?

Injinia wa Maple Grove

Binti amesema kweli. Mimi naongeza la kazi. Uhandisi wa mitambo wa vyuo vyote viwili una ithibati ya ABET, shirika linalokagua masomo ya uhandisi, na kwa mwajiri hilo ndilo la kwanza. Medtronic, 3M na Polaris ziko hapa hapa, na mwanafunzi wa Minneapolis anaweza kufanya kazi ya mafunzo bila kutafuta chumba cha kupanga. Kama angekuwa anataka ndege na roketi ningenyamaza kidogo, maana huko Purdue ina uzito wa pekee. Kwa mitambo sioni tofauti ya karibu dola laki moja.

Mengine mawili ambayo barua za kukubaliwa haziyasemi kwa sauti. Kote kuwili mwanafunzi anaanza na masomo ya msingi, halafu anaomba kuingia fani yake, na alama za mwanzo zina uzito mkubwa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza si wa kumbebesha dabo. La pili, alisoma PSEO? Kama alichukua masomo ya chuo akiwa shule ya upili, krediti zake zinaingia Minnesota kwa urahisi zaidi kuliko huko nje, na zinaweza kumwondolea muhula au zaidi.

Akiipenda bado Purdue, aende kwa shahada ya juu. Wanafunzi wa uzamivu katika uhandisi kwa kawaida hulipiwa na chuo na kupewa posho.

Mzee wa Indianapolis

Mhasibu, nimekusoma, na hiyo ya leseni naifuta. Basi aje kwa uzamivu. Ugali hauozi.

Mama wa Brooklyn Park

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemuuliza kama Binti alivyosema. Alizungukazunguka na mambo ya maabara na timu ya mpira, mwishowe akasema anataka mlango wake mwenyewe. Kwa hiyo tunazungumza Minnesota, alale bwenini mwaka wa kwanza, mkopo wake wa 5,500 usaidie hapo. Baba yake hajakubali. Anasema nyumba iko nusu saa kutoka chuoni, bweni ni la nini? Nimemsomea ile ya kusomea ndani ya gari, akanyamaza. Ritani ya 2025 haijaenda bado, tumepita mpaka kwa elfu mbili na kidogo, kesho anaenda benki kuuliza hiyo IRA. PSEO kijana anazo krediti ishirini na kitu, hata sikujua zina maana.

Swali la mwisho: akiwa bwenini, chakula ni lazima kununua kwao? Na akirudi wikendi atahitaji gari?

Mhasibu wa Saint Paul

Kwenye mabweni ya kawaida chakula ni lazima, chagueni mpango mdogo kuliko yote na sufuria ya pilau ya Jumapili ifanye kazi iliyobaki. Gari hapana, maegesho ya East Bank pale chuoni yatawamaliza. Ana pasi ya basi na treni ndani ya ada anazolipa. Baba aende benki na namba ya mstari wa 11 mkononi, na awaambie waziwazi kwamba mchango ni wa mwaka 2025, la sivyo watauandika wa 2026.