MREJESHO: Asili na maana ya jina Apolline

Habari wakuu. Niliuliza asili ya Apolline, jina ambalo dada yangu anayeishi Ufaransa amempa bintiye, maana mama alitaka sana kujua mjukuu wake anaitwa nani hasa. Asanteni mno mlionijibu.

Ushauri wa kuanzia kwenye kalenda ya watakatifu ndio uliozaa matunda. Apolline ni Apollonia kwa Kifaransa, yule bikira mzee wa Aleksandria, Misri, aliyefia imani mwaka 249. Habari zake zimo katika barua ya askofu Dionysius: umati ulimpiga hadi meno yakang'oka, ukamtishia moto, naye akajirusha mwenyewe motoni. Mwanamke jasiri kweli! Ndiyo maana wenye maumivu ya meno humwomba, na sikukuu yake ni 9 Februari.

Apollonia nalo linatokana na Apollo, mungu wa Kigiriki wa muziki na uaguzi. Aliyesema nichimbe zaidi maana ya Apollo, hapo nilikwama, kwani wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mama ameridhika na kisa cha mtakatifu, na tayari anamwita mjukuu wake Apolina.