Mrejesho: Wapangaji wasumbufu niliowakuta kwenye nyumba niliyonunua Mbagala

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyenunua nyumba nikakuta wapangaji hawalipi kodi na kila siku ugomvi wa luku (umeme wa kulipia kabla). Asanteni mno. Mliosema nisikate umeme wala kutoa vitu vya mtu nje mlinisaidia sana, nilienda serikali ya mtaa na hati ya mauziano, mwenyekiti akawaita wote, mwenye nyumba wa zamani akaja kuthibitisha, tukaandikishana mikataba mipya hapohapo. Wengi wanalipa vizuri sasa, na sabmita (mita ndogo ya umeme) kila chumba imemaliza kelele za luku kabisa. Deni la nyuma sijapata hata senti. Mpangaji mmoja wa uani kagoma kusaini mkataba, baraza la kata wakaandika usuluhishi umeshindikana, kesi iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Temeke.