Wageni mnaokuja Ukara: makaburi ya Bwisya siyo studio ya picha!

Wakuu habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira, lugha ikinishinda mnivumilie. Mimi ni Mkara, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara ndani ya Ziwa Victoria, nina kibanda cha vipuri Mwanza mjini. Jumamosi nilikwenda nyumbani kumjulia hali mama mdogo, anasumbuliwa na miguu. Pale Bugolora, upande wa Ukerewe, kwenye feri ya kuvukia Ukara, nikakutana na kundi la watu kama kumi na wawili kutoka Dar, fulana sare, wameletwa na kampuni ya utalii (jina sitaji, wenyewe wanajijua). Nilifurahi jamani. Nikasema hatimaye na sisi tunatembelewa, siyo kila siku Serengeti.

Furaha iliishia Bwisya, pale feri inapotia nanga Ukara.

Kwa wasiojua: tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache tu kufika gati la Bwisya. Kivuko cha watu kama 100 kilikuwa kimebeba zaidi ya 250. Walikufa zaidi ya 220. Baadhi walizikwa pale pale Bwisya, wakiwemo ambao hakuna ndugu aliyewatambua. Kwenye ukoo wetu waliondoka watatu.

Sasa kaka mmoja wa lile kundi kamkalisha mwenzake juu ya kaburi, miwani usoni, mguu juu ya mguu: "Sogea kidogo, ziwa lionekane." Ziwa lionekane! Mama aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa akaitua chini, akasimama kuwaangalia. Hakusema neno. Kiongozi wa msafara yuko pembeni anachati. Namuuliza, ndugu, hujawaambia hapa ni wapi? Ananijibu, "Broo, hawa wamelipia."

Wamelipia nini? Wamemlipa nani?

Hayajaisha. Wakaenda kuona jiwe linalocheza, lile jabali letu linalosemekana kucheza wazee wakifanya taratibu za mila, na njia wakajitengenezea wenyewe, katikati ya njugumawe za watu. Ukara ni kisiwa kidogo, watu ni wengi, hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Ng'ombe wetu wanafungiwa ndani, wanakatiwa majani, samadi yake watu wanaibeba kichwani mpaka shambani. Bila hiyo ule mchanga usingetoa uwele mwaka hadi mwaka. Hata mti una mwenyewe, maana majani yake ni chakula cha ng'ombe. Kijana mmoja wao akavunja tawi zima ajikinge jua, hatua ishirini mbele akalitupa. Mti ule ni wa mama mdogo.

Kufika kwa mzee wa pale kwenye jiwe, wakamsalimia kwa pamoja "Mwangaluka!" huku wanacheka, simu zimeshawashwa zinarekodi. Wakuu, Mwangaluka ni Kisukuma. Yule ni Mkara! Siyo kila anayeishi mkoa wa Mwanza ni Msukuma. Na hata angekuwa Msukuma, mzee hasalimiwi hivyo, mkono mfukoni kama unamwita konda. Mzee akawaambia wakae kwanza, awaeleze utaratibu. Dada mmoja akamkatisha: "Mzee, linacheza au halichezi? Tunawahi feri."

Mzee akaingia zake ndani. Jiwe halikucheza. Njia nzima ya kurudi wanalalamika wametapeliwa.

Najua watakuja wa "mnafukuza watalii". Nani kawafukuza? Nendeni Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma: kuna mtu wa kukueleza kabla hujagusa ngoma, na wote mnatulia kama wanafunzi. Ukara kwa kuwa hakuna geti wala tiketi, ndiyo mkaona hakuna wenyewe?

Wewe kiongozi wa msafara, najua humu unapita. Ile picha ya kaburini ifute, na uwaambie wateja wako wote waifute. Safari ijayo pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, hana makuu, atakupa mtu wa kuwatembeza na njia ya kupita.

Na huyo wa tawi: nilimwambia mama mdogo nitakutafuta ulipe. Akasema hataki hela. Anachouliza ni kimoja tu, wewe ni mtoto wa nani?